Mchanga Ndani ya Zulia la Ushoroba

Zulia la ushoroba, yaani lile refu na jembamba linalotandikwa katika njia ya kuendea vyumbani, hutofautiana na mazulia mengine ya nyumbani kwa jambo moja linalozaa karibu matatizo yake yote: kuta mbili humlazimisha kila mpitaji kufuata mstari wa katikati, kwa hiyo hukanyagwa pale pale siku zote. Baada ya muda mstari huo hugeuka kijivu, na wenye nyumba, wakiudhania kuwa ni uchafu, huusugua kwa maji na sabuni hadi mikono ikafa ganzi, ilhali rangi ya awali hairudi. Mara nyingi kinachosuguliwa si uchafu bali ni makovu.

Makovu hayo huletwa na mchanga. Katika kipimo cha ugumu wa madini alichokibuni Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812, ambacho hupanda kutoka 1 hadi 10, daraja la almasi, kwatzi iliyojaa katika mchanga wa kawaida ina daraja la 7; hukwaruza kioo, sembuse nailoni au sufu. Punje zake huzama hadi kwenye mashina ya manyoya ya zulia, pale yanaposhikwa na mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana, na kila hatua huzisaga dhidi ya nyuzi hizo. Uzi laini uliokwaruzwa hutawanya mwanga ovyo badala ya kuurudisha, na jicho huona kijivu hata pasipo na doa.

Ndiyo maana kazi kavu hutangulia maji, kwani mchanga ulioloweshwa hugeuka tope na kuganda ndani. Zulia linapolazwa kifudifudi juu ya sakafu safi, likagongwagongwa mgongoni kisha likainuliwa, huacha chini mchanga mwingi ambao mashine ya kufyonza vumbi ilipita juu yake bila kuufikia. Zoezi hilo hurudiwa mpaka sakafu ibaki tupu, ndipo lifikiriwe suala la kuliosha.

Uoshaji hutegemea aina ya uzi, na njia nyepesi ya kuitambua ni kuchomoa unywele mmoja ukingoni na kuuchoma juu ya kisahani: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha jivu linalovunjika vidoleni, ilhali plastiki huyeyuka ikawa kitone kigumu. Sufu imejengwa kwa keratini, protini ile ile ya nywele na kucha, ambayo huharibiwa na magadi na sabuni kali za unga, na huyeyushwa kabisa na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Aidha, uzi wake umefunikwa na magamba madogo ambayo, yakipata maji ya moto na msuguano, hunasana na kulifanya zulia lisinyae. Maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali vinatosha. Plastiki ya polipropilini haina woga huo, lakini hupenda mafuta, hivyo tone la mchuzi huing'ang'ania kuliko chai. Ama mkonge, mmea ulioletwa Afrika Mashariki mwaka 1893 na Richard Hindorf, usioshwe kwa maji kamwe, kwa kuwa nyuzi zake huyanywa na kubaki na alama.

Hatari kubwa zaidi huja wakati wa kukausha. Zulia lenye mgongo wa juti likikawia kukauka, maji hupanda kupitia nyuzi yakibeba rangi ya kahawia ya juti hadi ncha za manyoya, na doa jipya huonekana kesho yake pale palipokuwa safi. Siki nyeupe iliyozimuliwa huweza kulipunguza. Sufu iliyolowa ni nzito na dhaifu, hivyo haifai kuning'inizwa kwenye kamba. Hulazwa kivulini penye upepo, juu ya kitu kinachopitisha hewa pande zote mbili.

Ushauri wa kugeuza zulia ncha kwa ncha husaidia sehemu ya mlangoni isitangulie kuchakaa, lakini hauuhamishi mstari wa katikati hata kidogo. Kinachouhifadhi ni kifutio cha miguu chenye nyuzi ngumu kilichowekwa mlangoni, kirefu kiasi kwamba miguu yote miwili hukikanyaga zaidi ya mara moja kabla ya kulifikia zulia.