Ganda la Nanasi Lina Kosa Gani?

Atokaye pwani akafika Nyamasaria, pale barabara kuu ya Nairobi inapoingia mji wa Kisumu, hakosi kuwaona wachuuzi wa matunda. Nanasi humenywa kwa kisu kikali, likakatwa vipande, likaliwa papo hapo. Nyama huenda kinywani, ganda huenda mtaroni. Mvua ikinyesha, mtaro humwaga uchafu wake mtoni, na mto hushuka hadi ziwani. Huko ganda huoza, na kuoza kwake hula oksijeni iliyomo majini, ile ile wanayoivuta samaki.

Sasa natuulizane, wasomaji wapenzi: ganda lina kosa gani? Sisi wa pwani ndimu ya achari hatuimenyi. Hupasuliwa na ganda lake, ikatiwa chumvi na pilipili, ikaanikwa juani hata ganda likalainika, na hilo ndilo lenye ladha. Ndugu zetu wa Omani nao huchemsha ndimu nzima kwa maji ya chumvi, wakazikausha hata zikawa nyeusi, kisha wakazitia katika mchuzi wa nyama.

Waliyoyajua mama zetu kwa ulimi, wataalamu wameyathibitisha kwa vipimo. Uzani kwa uzani, ganda la chungwa lina vitamini C nyingi kuliko nyama yake. Tena mna pektini, kitu kinachogandisha jamu. Viwanda vya ng'ambo vikisha kukamua machungwa, maganda hayatupwi, hutolewa pektini hiyo ikauzwa.

Hata la nanasi lina kazi. Lioshwe na kusuguliwa vyema, kwani ndiko vumbi na dawa za shambani zinakokaa. Lichemshwe na tangawizi na mdalasini, maji yachujwe, yatiwe sukari kidogo: hiyo ni sharubati tamu. Lakini inywewe siku hiyo hiyo. Ganda la nanasi lina hamira yake ya asili. Likirowekwa likaachwa siku mbili tatu, maji hutoa povu, na sharubati ikageuka kileo, nasi kileo hatukigusi.

Israfu haingoji karamu kubwa. Yaweza kuanzia kwenye ncha ya kisu cha mchuuzi. Basi ukipita Nyamasaria ukanunua nanasi, mwombe akufungie na maganda yake. Umekwisha kuyalipia.