Mkataba wa Napoli na Mtakatifu Wake

Januari 13, 1527, wawakilishi wa mji wa Napoli, wakiwa wamebanwa na vita na tauni, walitia saini mkataba mbele ya mthibitishaji wa hati. Upande wa pili alikuwa Mtakatifu Gennaro, askofu ambaye kwa mapokeo alikatwa kichwa mwaka 305. Waliahidi kumjengea kikanisa cha fahari ndani ya kanisa kuu. Yeye aulinde mji.

Kikanisa kilijengwa, na mpaka leo ni mali ya mji, si ya askofu mkuu. Kinasimamiwa na bodi ya walei ambayo mwenyekiti wake ni meya. Hapo ndipo unapozielewa sikukuu za watakatifu wasimamizi nchini Italia: padri huongoza misa, lakini mwenye shughuli ni mji.

Septemba 19, chupa mbili ndogo zinazoaminiwa kuwa na damu ya Gennaro hutolewa kabatini, na askofu mkuu huziinamisha mbele ya umati. Damu ikiyeyuka, mjumbe wa bodi hupunga kitambaa cheupe, na kanisa zima hupiga makofi. Ikikawia, akina mama wazee wa viti vya mbele, wanaohesabiwa kuwa jamaa wa Gennaro, humkaripia na kumwita "uso wa manjano", maana sanamu yake imepakwa dhahabu. Sioni utovu wa heshima hapo: wanamdai. Desemba 16, 2020, chupa zilipotolewa tena, damu haikuyeyuka. Kanisa, kwa upande wake, halijawahi kutamka rasmi kwamba huo ni muujiza.

Kule Catania, kisiwani Sicilia, Mtakatifu Agatha husherehekewa Februari 3 hadi 5. Wauza nyama, wauza samaki na waoka mikate hubeba mabegani minara ya mbao iliyonakshiwa, kila chama cha kazi na wake. Masalia ya mtakatifu hukaa juu ya jukwaa la fedha linalokokotwa kwa kamba ndefu na watu waliovaa kanzu nyeupe. Nta ya mishumaa hutapakaa barabarani, na ole wake mwenye pikipiki kabla manispaa haijaikwangua.

Milano ina mtindo wake. Desemba 7, siku ya Mtakatifu Ambrogio, msimamizi wa mji, jumba la La Scala hufungua msimu wa opera. Ukipiga simu ofisini huko siku hiyo huenda usipate wa kupokea, ilhali Roma wako kazini, wakiingojea Juni 29 yao, sikukuu ya Petro na Paulo.