Je, simu yaweza kutuliza moyo uliofadhaika?

Vijana wengi wa Lodwar na Kakuma hutaka kujua kama zile programu za simu zinazodai kuondoa msongo wa mawazo zinasaidia kweli. Jibu ni kwamba zinasaidia, lakini kwa kiasi, na si kila mtu.

Mtu aliyeishi na dhiki kwa muda mrefu, kama jamaa wengi waliopoteza mifugo katika ukame wa 2020 hadi 2023, mwili wake hukaa kana kwamba hatari bado ipo. Usingizi hukatika, moyo humdunda, kichwa humuuma, naye hudhani ni malaria. Programu nzuri humfundisha mambo matatu: kupumua polepole, kutozungusha mawazo yale yale usiku kucha, na kurudia kidogo kidogo shughuli alizoziacha.

Nchini Lebanon, Shirika la Afya Duniani lilijaribu programu yenye masomo 5 miongoni mwa Walebanoni na wakimbizi wa Syria. Matokeo yaliyotolewa mwaka wa 2022 yalionyesha kwamba huzuni ilipungua. Hata hivyo, kila mshiriki alikuwa na msaidizi wa kuwasiliana naye kila wiki, na bado wengi hawakumaliza masomo. Ukiachiwa simu peke yako, ni rahisi zaidi kuacha njiani.

Kuna shida nyingine. Kule Kerio mtandao ni wa kubahatisha, wengi wana kabambe tu, na programu nyingi ni za Kiingereza. Lakini si lazima msaada upitie kwenye kioo cha simu. Katika kambi ya Rhino, kaskazini mwa Uganda, wanawake wakimbizi kutoka Sudan Kusini walikusanyika kwa vikao 5, wakasikiliza mafunzo yaliyorekodiwa kwa lugha wanayoielewa na kufuata kitabu cha picha. Utafiti huo wa wanawake 694, uliochapishwa mwaka wa 2020, ulionyesha kwamba dhiki yao ilipungua. Njia kama hiyo yaweza kufaa hapa kwetu, chini ya mti, hata pasipo mtandao.

Ukiamua kutumia programu, chagua inayoeleza nani aliyeitengeneza, na usilipe kabla ya kuijaribu. Kama simu hutumiwa na watu kadhaa nyumbani, weka neno la siri. Mwombe rafiki au mhudumu wa afya ya jamii akuulize kila wiki umefikia wapi. Wiki mbili zikipita bila nafuu, nenda ukamwone muuguzi au daktari.

Lakini yuko mgonjwa asiyefaa kuachiwa simu hata kwa siku moja. Ni yule anayesema heri afe, anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au mama aliyejifungua anayeogopa kwamba atamdhuru mtoto wake. Huyo asiachwe peke yake. Ondoeni kamba, visu na dawa ya kuoshea mifugo, kisha mpelekeni kwenye kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya rufaa ya Lodwar. Msimfiche kwa kuogopa polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba sheria ya kumwadhibu aliyejaribu kujiua inakiuka Katiba. Anayehitaji matibabu si mhalifu.