Hesabu ya Mti wa Stadi

Katika michezo ya kompyuta ya mapigano na ukuzaji wa mhusika, mchezaji hukabiliwa na swali ambalo kwa hakika ni la hisabati: akiba ndogo igawanywe vipi? Tuchukue mfano wa Diablo II, mchezo wa Marekani uliotolewa mwaka 2000. Mhusika aitwaye mchawi ana stadi 30, zilizopangwa katika miti mitatu, na kila stadi hupokea alama zisizozidi 20. Kuijaza miti yote kungehitaji alama 600. Lakini apandaye kutoka daraja la 1 hadi la 99 hupata alama 98, na kazi maalumu humwongezea 12: jumla 110 tu! Stadi tano zikijazwa, hubaki alama 10.

Tena stadi nyingi za juu hazifikiwi bila kupitia za chini, kama tawi lisivyoota pasipo shina. Kwa hiyo mpangaji hodari huanza kileleni, akahesabu akirudi chini. Mwaka 2003 hesabu ilizidi ugumu, kwani stadi zilianza kusaidiana: kila alama iliyotiwa katika Fire Bolt huongeza nguvu ya Fire Ball kwa 14 kwa mia, hivyo alama 20 huleta nyongeza ya 280 kwa mia. Hapo mtu huvutwa kumimina kila kitu katika moto, ilhali katika kiwango cha mwisho cha ugumu wapo maadui wasioungua kabisa. Na hadi mwaka 2010 mgawanyo haukuweza kutenguliwa. Aliyekosea alianza upya na mhusika mwingine.