Picha Inayosubiri Maneno: Ukumbusho na Sanaa ya Jamii mjini Lubumbashi

Utangulizi

Katika miji ya Afrika Mashariki, neno makumbusho humpeleka msikilizaji kwenye jengo maalumu lenye kabati za vioo, vitu vya kale na vibao vya maelezo. Mjini Lubumbashi, kusini-mashariki mwa nchi inayoitwa leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, neno la mzizi huohuo, ukumbusho, lilitumika katika miaka ya 1970 kutaja kitu cha namna nyingine. Lilitaja picha ya rangi iliyochorwa juu ya kitambaa cha gunia la unga, ikauzwa mitaani kwa bei ambayo mfanyakazi wa kawaida aliimudu, kisha ikatundikwa ukutani sebuleni.

Mhadhara huu unazichunguza picha hizo kama mfano wa sanaa ya jamii, yaani sanaa inayotungwa, kununuliwa na kufasiriwa na watu walewale ambao maisha yao ndiyo maudhui yake. Hoja inayotetewa ni kwamba picha ya ukumbusho haikuwa kamili ilipotoka mkononi mwa mchoraji. Ilikamilishwa na mazungumzo ya watazamaji wake, na mazungumzo hayo yalikuwa ya Kiswahili. Hivyo basi, anayehifadhi picha bila kuhifadhi maneno huwa amehifadhi nusu tu ya kazi.

1. Mji na lugha yake

Lubumbashi, ulioitwa Elisabethville hadi mwaka 1966, ulianzishwa na Wabelgiji mwaka 1910 kwa sababu ya shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilihitaji maelfu ya wafanyakazi. Iliwachukua kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai na, kuanzia miaka ya 1920, Ruanda-Urundi. Watu hao hawakuwa na lugha moja ya mama. Kiswahili, ambacho kilikuwa kimefika Katanga katika karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara wa misafara, kiligeuka kuwa lugha ya kazi migodini, kisha lugha ya ujirani, na hatimaye lugha ya kwanza ya watoto waliozaliwa mjini.

Kiswahili hicho kina sarufi yake. Kiambishi cha wingi wa watu ni ba- palipo na wa- katika Kiswahili sanifu, na udogo wa kitu huonyeshwa kwa ka- na tu-, kama ilivyo katika lugha nyingine nyingi za Kibantu. Aidha, msamiati wake umepokea maneno mengi ya Kifaransa. Kwa muda mrefu watetezi wa usanifu walikitazama kama Kiswahili kilichoharibika. Mtazamo huo ulikuwa na gharama: lugha iliyobeba uzoefu wa mji mzima wa wachimbaji iliachwa pembezoni mwa taaluma ambayo ilipaswa kuichunguza.

2. Sarufi ya neno ukumbusho

Uchambuzi wa neno lenyewe unasaidia kuelewa kazi ya picha. Kitenzi kumbuka kinamhitaji mtu mmoja tu, yule anayekumbuka. Kikinyambuliwa katika kauli ya kutendesha kinakuwa kumbusha, na hapo anaongezeka mhusika mwingine: yupo au kipo kinachokumbusha, na yupo anayekumbushwa. Nomino ukumbusho imeundwa kutokana na kauli hiyo. Kumbukumbu inaweza kukaa kimya moyoni mwa mwenyewe. Ukumbusho, kwa umbo lake, ni jambo la watu zaidi ya mmoja.

Ndivyo picha zilivyotumika. Mgeni akiingia, huiona picha ukutani na kuuliza. Mwenyeji hujibu kwa kusimulia, mzee aliyepo husahihisha, na kijana husikia jambo ambalo shuleni halikufundishwa. Ubora wa picha ulipimwa kwa uwezo wake wa kuibua masimulizi ambayo watu waliyatambua kuwa ya kweli. Ustadi wa kuiga maumbile haukuwa kipimo cha kwanza.

3. Yaliyochorwa

Mada hazikuwa nyingi, na wachoraji mbalimbali walizirudia. Mojawapo iliitwa mamba muntu: mwanamke mwenye nywele ndefu, nusu ya mwili wake samaki, anayempa mtu utajiri kwa masharti mazito. Kwa wakazi wa mji ambamo baadhi ya watu walitajirika ghafla na wengi wakabaki na mshahara usiotosha, picha hiyo ilizungumzia fedha na bei ya kuipata.

Mada nyingine ilijulikana kwa jina la Kifaransa, Colonie belge, yaani koloni la Wabelgiji. Katika ua wa gereza, mtu amelazwa kifudifudi, askari Mwafrika anamchapa kiboko, ofisa Mzungu amesimama akitazama, bendera inapepea. Ni muhimu kuzingatia wakati wa picha hii. Walioinunua katika miaka ya 1970 waliishi chini ya utawala wa chama kimoja wa Mobutu, uliobana sana nafasi ya kukosoa hadharani. Wachunguzi, akiwamo mwanaanthropolojia Johannes Fabian, wameonyesha kwamba picha ya mateso ya jana ilitoa nafasi ya kuyafikiria mateso ya leo. Mtazamaji aliweza kusema zamani, na waliomzunguka wakamwelewa.

Jambo moja linastahili kumshughulisha mwanaisimu. Maandishi juu ya picha hizi kwa kawaida yalikuwa ya Kifaransa, lugha ya shule na ofisi, ilhali maelezo yake yalitolewa kwa Kiswahili. Kifaransa kiliipa picha anwani, na Kiswahili kiliipa maana.

4. Mchoraji na kaburi lililokosekana

Mchoraji anayefahamika zaidi ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Alikutana na Fabian mjini Lubumbashi mwaka 1973, na katika muda wa takribani mwaka mmoja akachora picha zaidi ya 100 zinazosimulia historia ya nchi yake. Kila fungu la picha alilifafanua kwa Kiswahili cha Katanga, na mazungumzo yao yakarekodiwa. Tshibumba alijiona mwanahistoria anayetumia rangi. Alichora, miongoni mwa mengine, kuuawa kwa wafanyakazi waliogoma mwezi Desemba 1941, tukio lililotokea kabla hajazaliwa na ambalo alilijua kwa masimulizi ya waliomtangulia.

Alimchora pia Patrice Lumumba mara nyingi. Lumumba, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, aliuawa tarehe 17 Januari 1961 karibu na mji huohuo, na miili yao ikaangamizwa ili pasiwe na kaburi. Katika picha mojawapo, Tshibumba aliifananisha mauti hiyo na ya Kalvari, misalaba mitatu ikionekana nyuma. Jino la Lumumba, lililokuwa limechukuliwa Ubelgiji, lilirudishwa kwa familia yake mwezi Juni 2022. Kwa zaidi ya miaka 60, basi, watu waliotaka kumwomboleza hawakuwa na mahali pa kwenda. Picha iliyotundikwa sebuleni iliwapa angalau mahali pa kutazama na sababu ya kulitaja jina lake.

Habari za Tshibumba mwenyewe zilikoma mwanzoni mwa miaka ya 1980. Picha alizomchorea Fabian zimehifadhiwa Amsterdam. Kitabu cha Fabian kuhusu picha hizo, kilichotoka mwaka 1996, kinatoa maneno ya mchoraji kwa tafsiri ya Kiingereza. Matini ya Kiswahili yaliwekwa baadaye katika hifadhi ya intaneti.

Hitimisho

Kadiri mishahara ilivyopoteza thamani, wanunuzi wa picha walipungua mjini Lubumbashi, na nyingi kati ya picha zilizosalia ziko mikononi mwa wakusanyaji na makumbusho ya ng'ambo. Huko zinatundikwa vizuri, zina mwanga wa kutosha na vibao vya maelezo. Kinachokosekana ni yule mzee wa kusahihisha.

Maneno ya Tshibumba yalinusurika kwa sababu yalirekodiwa kama yalivyotamkwa, bila kunyooshwa yafanane na Kiswahili cha vitabu. Maneno ya sebule nyingine nyingi yalipotea. Taaluma za Kiswahili zina wajibu hapa: kuzipokea lahaja za Kongo kama hazina ya utafiti, na kuwasikiliza waliokuwa watoto katika sebule hizo, ambao sasa ndio wazee, wangali hai.