Kutoka Frasila hadi Gramu

Igalula ni kituo cha Reli ya Kati kilichoko mashariki ya mji wa Tabora. Kabla ya reli hiyo kufika Tabora mwaka 1912, bidhaa nyingi zilichukuliwa na wapagazi waliosafiri kwa miguu katika njia ya misafara iliyounganisha pwani na Ujiji. Baadhi ya mizigo iliyofika Unyamwezi ilikuwa chumvi ya Uvinza. Huko Uvinza watu walichota maji ya chumvi kutoka katika chemchemi, wakayachemsha katika vyungu. Maji yaligeuka kuwa mvuke, na chumvi ikabaki chunguni.

Wafanyabiashara wa misafara walipima mizigo yao kwa frasila. Frasila moja ni karibu kilogramu 16. Kipimo hicho kilifaa kwa mzigo wa mpagazi, lakini hakifai kupimia dawa ya mtoto. Leo tunapima vitu vizito kwa kilogramu, vyepesi kwa gramu, na vyepesi zaidi kwa miligramu. Vimiminika tunavipima kwa lita na mililita. Kila kimoja cha vipimo hivi huitwa kizio.

Uhusiano wa vizio

Kumbuka uhusiano ufuatao:

Kilogramu 1 = gramu 1,000
Gramu 1 = miligramu 1,000
Lita 1 = mililita 1,000

Ukigeuza kizio kikubwa kuwa kidogo, zidisha. Ukigeuza kizio kidogo kuwa kikubwa, gawanya.

Hatua za kufuata

Upewapo swali la maneno, usikimbilie kukokotoa. Fuata hatua hizi:

1. Soma swali lote. Andika ulichopewa na unachotafuta, kila kimoja pamoja na kizio chake.
2. Andika uhusiano wa vizio hivyo.
3. Geuza vizio ili vifanane.
4. Kokotoa, kisha andika jibu pamoja na kizio chake.
5. Jiulize: Je, jibu hili linaweza kuwa kweli?

Mfano wa kwanza

Mpagazi alibeba chumvi yenye uzito wa frasila 2. Je, hizo ni gramu ngapi?

Frasila 1 = kilogramu 16 (karibu)
Frasila 2 = 2 × 16 = kilogramu 32
Kilogramu 32 = 32 × 1,000 = gramu 32,000

Jibu: Mzigo ulikuwa karibu gramu 32,000.

Chunguza jibu hili. Gramu ni kizio kidogo kuliko frasila; kwa hiyo ni lazima idadi ya gramu iwe kubwa. Kama ungepata gramu 32, ungejua mara moja kwamba umekosea, kwa sababu huo ni uzito wa vijiko vichache tu vya chumvi.

Mfano wa pili

Watu wa Uvinza waliondoa maji ili wapate chumvi. Sasa tutafanya kinyume chake: tutatia chumvi katika maji. Chumvi inapoyeyuka katika maji hatuioni tena, lakini imo. Mchanganyiko huo huitwa mmumunyo.

Mtoto anayeharisha hupoteza maji na chumvi nyingi mwilini, naye anaweza kufa upesi. Zahanati hutoa pakiti zenye maandishi ORS. Kwa mchanganyiko uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, pakiti ya lita 1 ina uzito wa gramu 20.5. Ndani yake mna sukari aina ya glukosi, gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, na chumvi nyingine mbili. Yote huyeyushwa katika lita 1 ya maji safi na salama.

Mama mmoja wa Igalula amepewa pakiti moja. Nyumbani hana chombo cha lita. Anayo chupa ya mililita 500. Je, apime maji chupa ngapi?

Lita 1 = mililita 1,000
1,000 ÷ 500 = 2

Jibu: Apime chupa 2 za maji, ayatie katika chombo kimoja kikubwa na safi, kisha ayeyushe pakiti yote humo.

Je, ingekuwaje kama angetia pakiti yote katika chupa moja? Gramu 2.6 za chumvi zingekuwa katika mililita 500 tu. Kwa kiasi hicho, lita nzima ingekuwa na:

2.6 × 2 = gramu 5.2

Chumvi ingekuwa mara mbili ya kiasi kinachotakiwa. Chumvi iliyozidi huvuta maji kutoka katika seli za mwili, na mtoto huzidi kudhoofika. Dawa ni ileile na maji ni yaleyale; kipimo tu ndicho kilichokosewa. Ndiyo sababu tunageuza vizio kwa uangalifu.

Mmumunyo uliobaki baada ya saa 24 umwagwe, na mwingine utengenezwe. Mtoto akizidi kuwa mnyonge, au akishindwa kunywa, apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa.

Zoezi

1. Ndoo ina lita 10 za maji. Je, maji hayo yatajaza chupa ngapi za mililita 500?
2. Zahanati ina pakiti 40, kila moja ikiwa na gramu 20.5 za dawa. Tafuta uzito wa dawa yote kwa kilogramu.
3. Lita 1 ya mmumunyo ina gramu 2.6 za chumvi ya kawaida. Kikombe kimoja huchukua mililita 200.
(a) Lita hiyo itajaza vikombe vingapi?
(b) Kila kikombe kitakuwa na miligramu ngapi za chumvi hiyo?
4. Mtu ameyeyusha pakiti moja katika lita 2 za maji. Kila lita ina gramu ngapi za chumvi ya kawaida? Eleza kwa nini mmumunyo huo haumfai mgonjwa.
5. Tafuta nyumbani kwenu chombo ambacho ujazo wake umeandikwa. Kitumie kupimia kikombe, bakuli na jagi, kisha andika ujazo wa kila kimoja kwa mililita na kwa lita. Waonyeshe wazazi wako orodha hiyo, muiweke mahali ambapo kila mtu ataiona siku itakapohitajika.