Daktari Asiyeonana na Mgonjwa

Mama wa Miyuji akichukuliwa kinyama cha kizazi, anayetoa hukumu ni daktari ambaye huenda asimwone kamwe: mtaalamu wa patholojia. Kinyama hutiwa fomalini, hugandishwa ndani ya nta, hukatwa vipande vyembamba mno na kupakwa rangi, ndipo akakitazama kwa darubini.

Elimu yake haiishii kwenye shahada. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa toleo la tano la kitabu cha kuainisha uvimbe wa viungo vya uzazi vya mwanamke, likizitenga saratani za mlango wa kizazi zitokanazo na kirusi cha HPV na zisizotokana nacho. Aliyehitimu kabla ya hapo hana budi kurudi darasani.

Lakini hata bingwa huhitaji msaada wa mgonjwa. Ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi hubadilika sura kwa kufuata siku za hedhi; tarehe isipoandikwa kwenye fomu, aweza kubabaika. Mama zetu, kwa ajili ya swala na saumu, huzihesabu siku hizo kwa makini kuliko wengi. Basi wamtajie daktari bila haya. Nasi waume tuulizie jibu la maandishi kabla ya kizazi kuondolewa.